Hedhi inapokaribia kukoma: mwongozo kamili kwa wanawake wa Nyanda za Juu Kusini

Mwanamke wa Makete akianza kutupa mablanketi saa nane usiku mwezi wa Julai, huku nje umande unaganda kwenye nyasi, watu wa nyumbani hutafuta sababu. Mmoja atasema malaria, mwingine presha, na hakosekani wa kunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Duka la dawa litampa dawa ya malaria. Akirudi, atapewa ya taifodi. Fedha zinakwisha na joto liko palepale, kwa sababu hakuwa mgonjwa tangu mwanzo.

Kuna upande wa pili unaonitia hofu zaidi. Jirani yake, ambaye hedhi ilikoma miaka mitatu iliyopita, anaona damu tena. Shoga zake wa kikoba wanamtuliza: "Ni umri huo, itakata yenyewe." Huyu ndiye aliye hatarini, na ndiye asiyekwenda hospitali.

Hatua zinazofuata zinafanya kazi hiyo ya kuchambua: lipi ni la umri, lipi ni la ugonjwa, na kila moja linashughulikiwa vipi.

Hatua ya kwanza: jua uko wapi

Ovari, yaani vile vifuko viwili vya mayai, hutengeneza homoni za estrojeni na projesteroni. Miaka inavyosonga mayai hupungua, na homoni huanza kupanda na kushuka bila mpangilio. Huo ndio mpito. Unaweza kuchukua miaka minne, kwa wengine hata minane, na taabu nyingi huanza humo, hedhi ikiwa bado inakuja. Mwanamke wa miaka 46 anayeona siku zake huambiwa "wewe bado," kumbe mwili umeshaanza safari.

Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma pale tu miezi 12 mfululizo inapopita bila damu. Ukikaa miezi tisa kisha ukaziona siku zako, hesabu inaanza upya. Kwa wanawake wengi hili hutokea kati ya miaka 45 na 55.

Chukua daftari la shule, au kalenda ile ya ukutani inayogawiwa mwisho wa mwaka. Andika siku damu ilipoanza na ilipokata, pedi au vitambaa ulivyobadilisha kwa siku, joto lilikuja mara ngapi, usiku ulilalaje. Maneno machache yanatosha. Miezi mitatu ya daftari hilo itamsaidia daktari kuliko vipimo vingi vya maabara.

Nikiwa kwenye vipimo: kama una zaidi ya miaka 45 na dalili zako ni zile zinazojulikana, huna haja ya kulipia kipimo cha homoni. Katika mpito homoni hubadilika mno, leo zinasoma hivi, wiki ijayo vingine. Kipimo hicho kina maana kwa aliye chini ya miaka 45, na hurudiwa baada ya wiki nne hadi sita. Takriban mwanamke mmoja kati ya mia hedhi yake hukoma kabla ya miaka 40. Huyo asikae nyumbani akisema ni mapenzi ya Mungu, kwa sababu mifupa na moyo wake vitakosa estrojeni kwa miaka mingi kuliko kawaida. Kwa kawaida hushauriwa kutumia homoni mpaka afike umri ambao wenzake hukoma.

Wapo ambao damu haiwezi kuwapa jibu. Aliyetolewa kizazi akaachiwa ovari hataona hedhi, lakini ovari zinaendelea na kazi, kwa hiyo atajitambua kwa dalili nyingine. Aliyetolewa ovari zote mbili huingia kwenye ukomo kwa siku moja, na dalili humjia kwa nguvu. Anayechoma sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi mitatu anaweza kukaa miaka bila damu kwa sababu ya sindano tu, na akiiacha hedhi inaweza kuchelewa kurudi karibu mwaka mzima.

Kuna imani moja niimalize hapahapa. Damu ambayo haitoki haikusanyiki tumboni wala haipandi kichwani. Hedhi ni utando wa ndani ya kizazi unaojengwa na homoni kila mwezi kisha ukabomoka. Homoni zikipungua utando haujengwi, basi hakuna cha kutoka. Anayekuuzia dawa ya "kusafisha damu iliyobaki" anauza dawa ya kitu ambacho hakipo.

Hatua ya pili: ondoa kwanza yanayofanana na ukomo

Mimba. Usicheke. Wanawake wa miaka 47 hubeba mimba wakidhani wamekoma. Kinga ya uzazi huendelea kwa mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho kama umevuka miaka 50, na kwa miaka miwili kama hujafika 50. Hedhi ikikosekana na bado mnakutana na baba watoto, kipimo cha mkojo ni cha bei ndogo. Anza nacho.

Homa. Nunua kipimajoto. Joto la ukomo hukufanya uhisi unaungua, uso na kifua vikalowa jasho, lakini kipimajoto hakitafika 38. Likifika hapo, una homa, na homa ina chanzo chake. Anayeishi Kyela au ametoka huko karibuni apime malaria kabla ya kuwaza jingine lolote. Wa Makete ambaye hajasafiri, malaria ni ya kuwaziwa mwishoni.

Kifua kikuu. Jasho la usiku ni dalili yake pia. Likiambatana na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, au nguo kuanza kupwaya, nenda ukapimwe makohozi. Ukomo haumkondeshi mtu. Mara nyingi hufanya kinyume, unene huja tumboni.

Tezi ya shingo. Mikoa yetu ilijulikana kwa rovu kabla chumvi yenye madini joto haijaenea. Tezi inapofanya kazi kupita kiasi huleta joto, jasho, moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka, dalili ambazo mtu angeapa ni ukomo. Kinachotofautisha ni kukonda wakati unakula vizuri, na kutetemeka kusikokwisha. Ikiwa shingo imevimba au huna hakika, omba kipimo cha damu cha tezi.

Virusi vya UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.4. Mama wa miaka 50 naye amo katika hesabu hiyo, japo mabango mengi huwasemesha vijana. Kama hujapima, pima. Kama unatumia dawa, una mambo mawili ya ziada, moja la mlango wa kizazi na jingine la mifupa. Nitayafikia.

Hatua ya tatu: joto

Ndani ya ubongo kuna sehemu inayolinda joto la mwili. Estrojeni ikipungua, sehemu hiyo huwa kama mlinzi mgeni anayepuliza filimbi kila paka anapopita: joto likipanda kidogo tu, yeye huamuru mishipa ya ngozi ifunguke na jasho limwagike. Wimbi hudumu dakika moja hadi tano hivi, kisha linaacha baridi. Wengine hupatwa kwa mwaka mmoja au miwili, wengine miaka saba na zaidi.

Wa huku wana shida ambayo wa Dar es Salaam hawaijui. Sisi huvaa sweta, juu yake koti, juu yake kitenge, na usiku tunalalia blanketi zito moja. Joto likija huna pa kukimbilia, na ukitupa vyote, baridi ya Njombe inakuingia ukiwa umelowa. Badala ya blanketi moja zito, tumia mawili mepesi na shuka ya pamba chini yake, uweze kuondoa moja bila kubaki wazi. Nguo ya kulalia iwe ya pamba, na ya pili iwe kando ya kitanda. Mchana vaa tabaka zinazovuliwa haraka, kardigani yenye vifungo badala ya sweta la kupitisha kichwani. Anayeuza soko la Mwanjelwa, Mbeya, anaelewa taabu ya kuvua sweta la shingo ndefu mbele ya wateja.

Angalia pia kwenye daftari kinachokuja kabla ya joto. Kwa wengi ni pombe, chai au kahawa ya moto sana, pilipili, na kukaa karibu na moto. Msimu wa ulanzi Iringa na Njombe ni msimu wa mawimbi kwa baadhi ya wanawake, na komoni haina tofauti. Sisemi uache chai katika nchi ya chai, Mufindi na Rungwe wangenifukuza. Iache ipoe kidogo, kisha uone. Jikoni, kama kuna binti wa kukaa karibu na mafiga, ukae wewe mlangoni unachambua mboga.

Joto likianza, vuta pumzi polepole kwa tumbo na ulowanishe viganja na shingo kwa maji. Halitakoma kwa hilo, ila hofu hupungua, na hofu huliongeza. Likikukosesha usingizi usiku baada ya usiku, au ukaanza kukwepa kanisa na vikao, umefika mahali pa dawa, nazo ziko hatua ya tisa.

Hatua ya nne: damu, na hapa usiwe mpole

Katika mpito hedhi kuvurugika ni kawaida. Inaweza kuja baada ya wiki tatu, kisha ikakaa miezi miwili, ikawa nyepesi au nzito kuliko ulivyozoea. Ila kuna mipaka. Kubadilisha pedi kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, mabonge makubwa, damu inayozidi siku saba, damu katikati ya mwezi, na damu baada ya tendo la ndoa: haya si ya kungoja.

Mara nyingi chanzo cha damu nzito ni homoni zisizotulia, au uvimbe kwenye kizazi, ule unaoitwa faibroidi. Uvimbe huo si saratani, na kwa kawaida hunywea hedhi ikishakoma. Kwa hiyo ukiwa na miaka 49 na ukaambiwa utolewe kizazi kwa sababu yake, una haki ya kuuliza: "Daktari, nikitumia dawa ya kupunguza damu mpaka nikome, haitoshi?" Jibu linaweza kuwa hapana, kwa ukubwa wa uvimbe au kiasi cha damu. Lakini uliza.

Anayepoteza damu nyingi apimwe wingi wa damu. Chini ya gramu 12 kwa desilita kwa mwanamke asiye mjamzito ni upungufu, na uchovu mwingi unaoitwa "umri" huwa ni huo. Ukipewa vidonge vya madini chuma, usivinywe na chai, wala usinywe chai na chakula. Chai huzuia madini hayo yasiingie mwilini. Iache saa moja au zaidi baada ya kula.

Sasa lile kubwa. Damu yoyote baada ya miezi 12 bila hedhi, hata tone moja la rangi ya waridi, hata kama ilitoka siku moja ikakata, inakwenda hospitali ndani ya siku chache. Wengi hukutwa na jambo dogo, kama utando uliokauka na kuchubuka. Lakini takriban mmoja kati ya kumi hukutwa na saratani ya ndani ya kizazi, na ikigunduliwa mapema matibabu yake huwa na mafanikio makubwa. Daktari ataangalia mlango wa kizazi, atafanya altrasaundi kupima unene wa utando, na utando ukizidi milimita nne kwa kawaida atachukua kinyama kikapimwe.

Usisahau saratani ya mlango wa kizazi, ambayo Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoelemewa nayo sana duniani. Uchunguzi wa kupaka siki hufanyika katika vituo vingi, uliza kliniki ya mama na mtoto. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba baada ya hedhi kukoma, ile sehemu inayotakiwa kuonekana hurudi ndani, na siki huweza kushindwa kuonyesha. Kwa umri huo kipimo cha HPV, kirusi kinacholeta saratani hiyo, hufaa zaidi pale kinapopatikana. Anayeishi na virusi vya UKIMWI hupimwa mara nyingi zaidi, kila baada ya miaka mitatu hadi mitano kwa kipimo cha HPV. Mwenzake asiye na virusi anaweza kukaa mitano hadi kumi.

Hatua ya tano: huku chini ambako hakusemwi

Joto mtu atalisimulia hata kwenye daladala. Hili la ukavu ukeni hubaki kitandani, na linavunja ndoa kimyakimya. Mume anadhani hapendwi tena au kuna mwingine. Mke anaumia, anaanza kuchelewa jikoni ili amkute mzee amelala. Wote wawili hawajui kwamba ngozi ya uke imepungua unene na unyevu kwa kukosa estrojeni. Na tofauti na joto, hili haliishi lenyewe kadiri miaka inavyopita, linaongezeka.

Anza na kilainishi cha maji, kinachouzwa kwenye maduka ya dawa, wakati wa tendo. Kama hakipatikani, mafuta safi ya nazi yanasaidia, ila mafuta ya aina yoyote huharibu kondomu. Mnaotumia kondomu mbaki na kilainishi cha maji. Chukueni muda, msikimbizane. Na viacheni vitu vinavyosifiwa kubana na kusafisha: shabu, ndimu, magadi, ugoro, sabuni za manukato, mizizi ya kuweka ndani. Ngozi iliyokwisha kuwa nyembamba inachubuka kwa vitu hivyo, na mchubuko ni mlango wa maambukizi. Osha nje kwa maji, inatosha.

Kisha kuna "UTI sugu." Mama anakojoa mara kwa mara, mkojo unachoma, anapewa dawa ya kuua bakteria, nafuu wiki mbili, inarudi, anapewa kali zaidi. Akifika miaka 55 ameshameza aina zote za duka. Mara nyingi tatizo ni ngozi ile ile, kwa sababu njia ya mkojo nayo hukauka estrojeni ikipungua. Kabla ya dawa ya tano, omba mkojo uoteshwe maabara ionekane kama kweli kuna bakteria na dawa gani inawaua. Na uulize kuhusu estrojeni ya kupaka au kuweka ukeni. Ni dozi ndogo sana, inayoingia kwenye damu ni kidogo mno, inaondoa ukavu na kupunguza maambukizi ya mkojo. Hutumika kila siku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki, na matokeo kamili huchukua wiki kadhaa. Kwa maoni yangu hii ndiyo dawa yenye faida kubwa kuliko zote zinazotajwa humu, na ndiyo inayoombwa kwa nadra, kwa aibu tu.

Mkojo unaovuja ukikohoa au ukiinua ndoo una zoezi lake: kaza misuli kana kwamba unazuia mkojo na haja kubwa, hesabu mpaka tano, legeza, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Miezi mitatu ndipo utaona tofauti.

Hatua ya sita: usingizi, hasira na kusahau

Mengi hapa huletwa na joto la usiku. Ukilitibu joto, usingizi unarudi, na hasira zinapungua. Kusahausahau jina la mtu au ulichofuata chumbani ni kawaida katika mpito na kwa wengi hutengemaa. Lakini huzuni ya kila siku kwa zaidi ya wiki mbili, kukosa hamu ya chochote, au wazo la kujidhuru ni sonona. Sonona inatibiwa hospitali. Maombi yaendelee, na daktari aonwe.

Hatua ya saba: mifupa

Mfupa hujengwa na kubomolewa kila siku. Estrojeni ndiyo inayozuia ubomoaji, na ikiondoka, mifupa hupungua kwa kasi hasa katika miaka mitano ya kwanza. Husikii maumivu. Unakuja kujua siku umeteleza kwenye udongo wa Rungwe wakati wa mvua, ukajizuia kwa mkono, na kifundo kikavunjika. Au unaona umepungua urefu, mgongo unapinda.

Mwanamke aliyevuka miaka 50 anahitaji kama miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku. Chakula cha huku kinaweza kufika huko bila kopo la duka la dawa. Kikombe cha maziwa au mtindi kina kama miligramu 300. Usipa wa Ziwa Nyasa na dagaa wengine, wakiliwa na mifupa yao, wamejaa kalsiamu. Ulezi unazidi mahindi mbali sana, kwa hiyo uji wa ulezi asubuhi wenye maziwa si chakula cha watoto peke yao. Kwenye mboga, chainizi, sukuma wiki na figiri zinatoa kalsiamu yake vizuri. Mchicha unayo pia, ila umeishikilia na mwili hupata kidogo. Parachichi ni zuri kwa moyo, ila usilitegemee kwa mifupa.

Kalsiamu huhitaji vitamini D, na hiyo hutoka juani. Miezi ya baridi tunajifunika mpaka mikono na kukaa ndani na mkaa. Ukungu ukiondoka, kaa nje nusu saa mikono na uso vikiwa wazi.

Mazoezi yenye faida kwa mfupa ni yale yanayoubebesha uzito. Mama anayepanda vilima vya Uporoto na jembe begani hahitaji kuambiwa aende kukimbia. Anahitaji kubeba mzigo mdogo zaidi, mara mbili badala ya mara moja, na kuinama kwa magoti. Anayekaa dukani au ofisini kutwa ndiye wa kuteremka kituo kimoja kabla na kutembea.

Kwa anayetumia dawa za kufubaza virusi: mchanganyiko unaotumika sana una tenofovia, ambayo inaweza kupunguza uimara wa mifupa kidogo. Usiache dawa hata siku moja kwa sababu hiyo. Ongeza umakini kwenye chakula na mwendo. Mchanganyiko huo una pia dolutegravia, ambayo hufungwa na vidonge vya kalsiamu au madini chuma vikimezwa pamoja nayo tumboni pakiwa patupu. Ama meza vyote pamoja na mlo, au meza dawa yako ya virusi saa mbili kabla ya vidonge hivyo, au saa sita baada yake.

Hatua ya nane: presha na sukari

Estrojeni ikipungua, mafuta ya damu hupanda na presha hufuata. Pima presha angalau mara moja kwa mwaka. Ikisoma 140/90 au zaidi kwa siku mbili tofauti, unahitaji ushauri. Pima sukari pia, hasa kama tumbo limeongezeka. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ikijumlishwa na ile ya kwenye mchuzi.

Hatua ya tisa: dawa, na maneno ya watu kuhusu homoni

Tiba ya homoni ndiyo inayoshinda zote kwa joto, na hulinda mifupa. Inaogopwa tangu mwaka 2002, utafiti mkubwa wa Marekani ulipotangaza hatari za saratani ya matiti, kiharusi na kuganda kwa damu. Baadaye uchambuzi ulionyesha kuwa umri una uzito mkubwa: wanawake wengi wa utafiti ule walikuwa wameshavuka miaka 60. Kwa mwanamke mwenye afya, aliye chini ya miaka 60 au ambaye hedhi ilikoma chini ya miaka kumi iliyopita, faida kwa kawaida huzidi hatari. Hatari ya matiti haikufutika. Kwa mchanganyiko wa homoni mbili ipo, ni ndogo, na huongezeka na miaka ya matumizi.

Mwenye kizazi lazima apewe estrojeni pamoja na homoni ya jamii ya projesteroni, kwa sababu estrojeni ya kumeza au ya kubandika ikitumika peke yake hunenepesha utando wa kizazi na kuleta saratani. Aliyetolewa kizazi hutumia estrojeni pekee. Ya kubandika kwenye ngozi haionekani kuongeza hatari ya damu kuganda kama vidonge vinavyoweza kufanya, kwa hiyo mwenye presha au uzito mkubwa aiulizie.

Wasioanzishiwa kwa kawaida: aliyewahi kuwa na saratani ya matiti, kiharusi, shambulio la moyo au damu kuganda mguuni au kwenye mapafu, mwenye ugonjwa mkali wa ini, na mwenye damu ukeni ambayo chanzo chake hakijajulikana. Hao wana dawa nyingine za joto: baadhi ya dawa za sonona kwa dozi ndogo, au gabapentini. Zote ni za kuandikiwa. Vidonge vya majira alivyokupa binti yako si tiba ya ukomo, dozi yake ni nyingine kabisa.

Mitishamba na unga wa mitandaoni unaoahidi "kurudisha homoni" sitauhukumu wote. Soya, kwa mfano, ina vitu vinavyofanana kidogo na estrojeni. Baadhi ya wanawake hupata nafuu, wengine hawaoni kitu, na kama chakula haina ubaya. Lakini kopo lisiloandikwa kilichomo, linalouzwa kwa ushuhuda na namba ya simu, liache, hasa kama unatumia dawa za presha, za sukari au za virusi.

Hatua ya kumi: kwenda, na kusema

Anza zahanati au kituo cha afya kwa presha, sukari, wingi wa damu na kipimo cha mimba. Kwa damu isiyo ya kawaida na kwa homoni, omba rufaa kwa daktari wa magonjwa ya wanawake: Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya na kitengo chake cha wazazi cha Meta, hospitali za rufaa za mikoa ya Iringa na Njombe, au hospitali kubwa za misheni kama Ikonda, Ilembula na Tosamaganga. Piga simu au uliza kabla ni siku gani kuna kliniki ya wanawake. Nauli ya Makete kwenda na kurudi si ya kuchezea.

Kinachokwamisha wengi ni kukuta daktari kijana, sawa na mwanao wa tatu. Anakuamkia "Shikamoo mama," unaitikia "Marahaba," na hapo aibu inakuziba mdomo, unaishia kusema kichwa kinauma. Anza na hili: "Mwanangu, nimekuja kwa mambo ya ukomo wa hedhi. Mara ya mwisho kuona siku zangu ilikuwa mwezi fulani. Usiku napata joto mara nne, na ukeni pamekuwa pakavu, naumia tukikutana na mzee." Mpe daftari alisome. Ukishindwa kabisa kuongea, andika kwenye karatasi umkabidhi. Unaweza pia kuomba mhudumu wa kike au uchunguzi ufanyike muuguzi wa kike akiwepo.

Usitoke kabla hujajua mambo matatu: anadhani ni nini, dawa hii inachukua muda gani kufanya kazi, na dalili gani ikurudishe haraka. Ukianzishiwa homoni, rudi baada ya miezi mitatu na daftari lako, kisha kila mwaka ili muamue pamoja kama uendelee. Damu kidogo katika miezi ya mwanzo ya homoni hutokea. Ikipita miezi sita, ikizidi, au ikianza upya baada ya kukata, usingoje tarehe ya kliniki.